Goti la mama mkubwa si maabara

Mama mkubwa anauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na nyumbani kwake ni juu kwenye mawe ya Igogo. Goti analipima kwa mlima huo. "Nilimeza diklofenaki Jumatatu, Jumatano nimepanda bila kushika ukuta. Unataka ushahidi gani tena, mwanangu?"

Dhana: Nikipata nafuu, dawa imethibitika.

Ukweli: Maumivu ya goti lililosagika hupanda na kushuka yenyewe. Kidonge tunakikimbilia siku yamezidi, na kesho yake huenda yangepungua hata bila kumeza kitu. Ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura: hawa wanapewa dawa, wale kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na ukubwa lakini ndani hamna dawa. Mgonjwa hajui kapata kipi, anayempima naye hajui. Kila mmoja hutaja maumivu yake, tuseme kuanzia 0 hadi 100. Na waliomeza kidonge kitupu nao hupata nafuu, tena wengi, wala hawasemi uongo. Dawa inahesabiwa ile nafuu ya ziada tu. Diklofenaki imeufaulu mtihani huo, kwa hiyo mama mkubwa hakukosea dawa. Alichokosea ni ushahidi.

Dhana: Kidonge kitupu ni kumdanganya mgonjwa.

Ukweli: Anaelezwa kabla ya kusaini, na anaweza kujitoa siku yoyote. Tanzania jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Dhana: Ikituliza, haina neno hata nikimeza miaka.

Ukweli: Hili ndilo linaloninyima usingizi. Vioxx, dawa nyingine ya maumivu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1999, na magoti ilituliza kweli. Septemba 2004 ikaondolewa sokoni duniani kote, baada ya jaribio la watu zaidi ya 2,500 kuonyesha kwamba walioimeza walipata mshtuko wa moyo na kiharusi karibu mara mbili ya waliomeza kidonge kitupu. Bila kundi hilo la pili, nani angeilaumu dawa? Mzee akianguka, tunasema ni umri.

Diklofenaki nayo, ikimezwa kila siku, huweza kupandisha presha, kuchubua tumbo, kuumiza figo na moyo. Mama mkubwa ana presha, na anaimeza kila alfajiri kabla ya kushuka sokoni. Ile ya kupaka imejaribiwa kwa magoti vilevile, ikasaidia, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Nimemnunulia. Jumamosi nampeleka kwa daktari apimwe presha na figo.