Pikipiki ya zamani isomwe chesisi kwanza, injini baadaye

Msimu wa korosho ukiisha na wakulima wakishalipwa, pikipiki kuukuu huanza kuchomolewa mabandani Masasi, Newala na Nachingwea kutafuta wanunuzi. Nyingine zimelala miaka chini ya makuti: kadi ya usajili haipo, tangi si lake, na stika ya Honda imebandikwa juu ya rangi ya brashi. Muuzaji atakupa mwaka, atakupa na jina la mzee aliyekuwa nayo. Msikilize kwa adabu, kisha piga magoti uangalie chuma. Kuna namba mbili za kutafuta, ya chesisi (yaani fremu) na ya injini, na ya chesisi ndiyo inayoamua pikipiki ni nini. Injini inaweza kushushwa asubuhi, nyingine ikapandishwa, na jioni chombo kikawa barabarani kinabeba abiria.

Kwa Mjapani mwenye fremu ya bomba, chesisi iko shingoni, pale usukani unapopita kwenye fremu, ubavu wa kulia au wa kushoto. Kata usukani mpaka mwisho upande mmoja ili waya na kebo zisogee, angalia, kisha kata upande wa pili. Matchless na AJS za Kiingereza, zile za silinda moja, tafuta chini ya kiti, kwenye kifundo ambapo mabomba ya fremu yanakutana. Vespa haina fremu ya bomba, kwa hiyo namba imegongwa kwenye bodi yenyewe, upande wa injini, na mara nyingi inabidi utoe kifuniko cha ubavuni.

Injini ya Honda CG125 ina namba chini upande wa kushoto, kwenye nyumba ya krenki, ambako oili na vumbi hushikana mpaka huoni kitu. Triumph na BSA nyingi zinayo upande huohuo wa kushoto, lakini juu, chini kidogo ya silinda.

Hapa ndipo wengi wanapopotea: kwenye bloku kuna namba zilizotuna na namba zilizozama. Zilizotuna zilitoka na kalibu kiwandani, ni namba za spea au ujazo tu, na injini elfu nyingi zinazo hizohizo. Ile "124cc" iliyotuna kwenye silinda ya Honda si namba ya injini. Unayoitaka wewe imezama, imegongwa herufi kwa herufi.

Sasa kusafisha. Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Kilwa, chumvi ya bahari inakula shingo ya fremu mpaka kutu inabanduka magamba, na bloku ya alumini inaota unga mweupe ndani ya tarakimu. Iliyokaa Nachingwea au Ruangwa kwa kawaida inasomeka upesi zaidi. Pakaa mafuta ya taa, acha usiku kucha, asubuhi sugua kwa mswaki mkuukuu au brashi ya waya za shaba. Rangi itoe kwa kitambaa chenye thina, kidogo kidogo. Ukibakiwa na kutu nyembamba, msasa namba 600 na maji, kwa kidole, ukiacha mara tu kingo za tarakimu zinapotokea. Grainda usiiguse, wala brashi ya chuma ya kufunga kwenye drili. Tarakimu hizi hazina kina kirefu, na mzunguko mmoja wa grainda unatosha kuzifuta. Tena shingo iliyong'arishwa upya ndiyo kitu cha kwanza kumtia shaka askari anayekagua, hata kama wewe ulikuwa unasafisha tu.

Baada ya hapo sugua chaki nyeupe juu ya namba na ufute kwa kiganja: chaki itabaki kwenye mashimo. Tochi iwekwe ubavuni, si mbele, ili kila shimo litupe kivuli. Piga picha. Kama bado kuna utata, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue penseli kwa ubapa. Mara nyingi karatasi inaonyesha 3 pale jicho lilipoona 8. Jozi nyingine za kuangalia ni 1 na 7, 5 na S, B na 8, sifuri na O na D. Andika kila kitu kama kilivyo: herufi za mbele, vistari, hata nyota ndogo za mwanzo na mwisho, maana viwanda viliziweka ili mtu asiongeze tarakimu pembeni.

Herufi za mbele ndizo zenye habari. Mtu anayekutumia tarakimu saba bila herufi hajakutumia kitu.

Honda hugonga jina la modeli, kistari, kisha tarakimu. Chesisi ya CG125 huanza CG125, na injini yake huanza CG125E. E hiyo ni ya injini. Vivyo hivyo C50E, C70E, C90E. Tarakimu za chesisi na za injini za Honda hazifanani hata pikipiki ikiwa haijaguswa tangu itoke kiwandani, kwa hiyo usimtuhumu mtu kwa sababu hiyo. Cha kutazama ni kama jina la modeli linalingana pande zote mbili.

Kwenye CG125 kuna jambo linalojirudia sana huku kwetu. Injini yake ya fimbo, isiyo na cheni ya taimingi, iliigwa na viwanda vingi vya Kichina, na inaingia kwenye fremu ya Honda bila shida kubwa. Ukisoma 156FMI au 157FMI kwenye bloku, hiyo si injini ya Honda hata kama kava limeandikwa Honda. Msimbo unasomeka hivi: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni daraja la cc 125. Ukikuta 162FMJ, J ni daraja la 150. 163FML ni 200. Kwa mtu wa kubeba abiria hilo si kosa, injini hizo zinafanya kazi na spea zake zipo kila kona. Ila usilipe bei ya CG ya asili.

Yamaha za miaka ya 1970 ni kinyume cha Honda: namba ya chesisi na ya injini zilitoka kiwandani zikiwa sawa kabisa, tarakimu kwa tarakimu. Herufi za mbele ni msimbo wa modeli wa alama tatu, kama 2K4 kwa DT175MX au 1E6 kwa XT500, na hesabu kwa kawaida inaanzia 000101. Zisipolingana, injini au fremu imetoka kwingine. Suzuki huandika jina la modeli waziwazi, mfano A100 au TF125, na tarakimu zake hazilazimiki kulingana.

Vespa ni rahisi kuliko zote. Chesisi inaishia na T na injini inaishia na M kabla ya tarakimu: VBB1T kwa bodi, VBB1M kwa injini; VLB1T na VLB1M kwa Sprint. Bodi ya VLB yenye injini ya VBB imeunganishwa, basi.

Za Kiingereza zinataka subira. Matchless na AJS za miaka ya 1950 hutaja mwaka wenyewe mwanzoni mwa namba ya injini: 57/G80 ni Matchless ya cc 500 ya mwaka 1957. BSA za Vita Kuu ya Pili huanza WM20. BSA za miaka ya 1940 na 1950 zilikuwa na namba tofauti za chesisi na injini tangu kiwandani, kwa hiyo huko kutolingana hakuna maana yoyote. Kinachotakiwa ni herufi za pande zote mbili ziwe za modeli na kipindi kimoja. Triumph za twini (silinda mbili) kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950, kinyume chake, zinatakiwa kulingana.

Wauzaji wa Nachingwea wana msemo wao: "hii ya Wazungu wa karanga." Mpango wa Waingereza wa kulima karanga, uliofika mpaka Nachingwea, ulivunjwa mwaka 1951. BSA Bantam ya D7, ambayo injini yake huanza ED7, iliingia kwa msimu wa 1959. Triumph ya cc 650 yenye DU mbele ya namba ni ya kuanzia msimu wa 1963. Wazungu wa karanga walishaondoka zamani.

Kuanzia msimu wa 1969, Triumph na BSA waligonga herufi mbili za tarehe. Ya kwanza ni mwezi: A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P, X, kutoka Januari hadi Desemba. Ya pili ni mwaka wa modeli, kwa herufi hizohizo na mpangilio uleule, ila inaanzia C kwa 1969: D ni 1970, E 1971, G 1972, H 1973, mpaka X kwa 1978. Mtego uko kwenye msimu. Msimu wa modeli ulianza Agosti, kwa hiyo NG si Oktoba 1972. Ni modeli ya 1972 iliyotengenezwa Oktoba 1971. Triumph za kipindi hicho pia zilikuwa na alama ndogondogo za jina la kampuni zilizogongwa kwenye uwanja wa namba ya injini. Uwanja ukiwa laini, bila alama hizo, kuna aliyepitisha tupa.

Ukiona tarakimu na herufi 17 mfululizo, hiyo ni mpya zaidi, ya utaratibu ulioenea kuanzia miaka ya 1980. Haina I, O wala Q. Inayoanza JH2 ni Honda ya Japani, JYA Yamaha, JS1 Suzuki, MD2 Bajaj ya India. L mwanzoni ni China. Boxer ya MD2 si ya zamani hata ikichakaa namna gani.

Dalili za namba iliyochezewa: mistari ya tupa inayokatiza kwenye uwanja wa namba, tarakimu zinazopanda na kushuka, 6 na 9 zisizofanana zikigeuzwa, pete ya kuchomelea kuzunguka shingo, au kibati chenye riveti mpya kwenye fremu yenye kutu ya miaka. Bloku tupu bila namba yoyote si lazima iwe ya wizi, maana viwanda viliuza bloku za spea bila kugongwa. Lakini chesisi tupu iache hapohapo ulipoikuta.

Linganisha na kadi kabla ya kutoa hela. Makosa ya kawaida kwenye kadi za zamani ni herufi za mbele kuachwa, O kuandikwa badala ya sifuri, na mwaka wa usajili kuwekwa mahali pa mwaka wa kutengenezwa. Hayo yanarekebishika TRA, muuzaji akiwa bado yupo karibu. Tarakimu tatu tofauti katikati ni jambo lingine. Nenda na muuzaji polisi ikakaguliwe, na akikataa kwenda, umeshapata jibu.

Injini isiyosomeka kabisa ipime kwa vania. Kwa milimita, CG125 ni kipenyo 56.5 na mwendo wa pistoni 49.5. C70 ni 47 kwa 41.4. C90 ya zamani ni 50 kwa 45.6, lakini ya baadaye, ile ya cc 85, ni 47 kwa 49.5, yaani kipenyo kilekile cha C70. Kwa hiyo usiishie kwenye kipenyo: zungusha krenki mpaka pistoni ifike juu kabisa, pima, ishushe chini kabisa, pima tena, utoe. Na soma kichwa cha pistoni kwanza. Ikiwa imegongwa 0.50 au 1.00, silinda imeshachongwa kuongezwa upana, toa kiasi hicho kwenye kipenyo ulichopata.