Plastiki Hulainika Hata Bila Moto

Mpishi wa luwombo, mlo wa Uganda unaopikwa ndani ya jani la ndizi, hakunji jani la ndizi likiwa bichi. Hulipitisha kwanza juu ya moto lilegee, maana akililazimisha litachanika. Plastiki ngumu nayo tumezoea kuilainisha kwa moto. Ila iko njia ya pili: gesi iliyoshindiliwa.

Chukua polistireni, inayotengenezewa vile visanduku vyeupe vya chipsi vinavyozagaa Kampala. Imejaa minyororo mirefu ya molekuli iliyosongamana. Kwenye joto la kawaida minyororo hiyo imekwama. Ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi huanza kuteleza, na plastiki ikalegea kama mpira. Sasa ifungie katika chombo cha chuma, uingize kabonidioksaidi, gesi ileile ya soda, hadi baa 60 hivi, yaani kama mara 60 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Gesi hujipenyeza katikati ya minyororo na kuipa nafasi, na polistireni huanza kulegea kwenye nyuzi kama 35 tu. Ni joto la mchana wa kiangazi kule Gulu!

Wanafunzi wangu hudhani plastiki imepondwa na shinikizo. Sivyo. Heliamu haiyeyuki kwa urahisi ndani ya plastiki, na ukiishindilia vivyo hivyo hailegezi kitu. Shinikizo huibana minyororo, na kiwango cha joto cha kulegea hupanda kidogo. Kinacholegeza ni ile gesi iliyozama ndani.

Viwanda hunufaika na tabia hiyo. Plastiki iliyoshiba gesi huachiliwa shinikizo ghafla, gesi ikajikusanya kuwa vipovu. Gesi inapotoka, plastiki hukakamaa tena na vipovu hubaki humo. Ndivyo plastiki nyepesi ya povu inavyoweza kutengenezwa.

Mafundi wa mitungi ya gesi, hapa ndipo penye hatari. Pete ya mpira ya valvu ikikaa na kabonidioksaidi yenye shinikizo kubwa, nayo hushiba. Ukifungulia kwa pupa, gesi hukosa muda wa kutoka taratibu: mpira huvimba, huota malengelenge, pengine hupasukia ndani kwa ndani. Shusha shinikizo polepole. Pete iliyovimba usiirudishe hata ikinywea, kwani nyufa hazionekani kwa nje. Na unaponunua nyingine, usiulize joto inalohimili tu. Taja gesi na shinikizo lake.

Chupa ya soda je? Humo mna baa chache tu, haitalegea. Lakini gesi hupenya ukuta wa plastiki kidogo kidogo, ndiyo maana soda ya chupa ya plastiki iliyokaa sana dukani huishiwa gesi mapema kuliko ya chupa ya kioo.