"Nikipata Muda Nitaandika" na Dhana Nyingine Zinazoua Miswada

Mtu akinipigia simu kuniambia ana kitabu, swali langu la kwanza huwa: kiko wapi? Mara nyingi jibu ni "kichwani". Kisha hufuata ile sentensi ambayo katika kazi hii ya uhariri nimeshaisikia kwa walimu, wahasibu, mawakili, mashehe, wachungaji na wanajeshi wastaafu: "Kinachonisumbua ni muda tu. Nikipata muda nitakaa chini niandike." Wiki hii kanirudishia mtu ninayemheshimu, nikanyamaza. Sasa nayaandika haya ili atakayefuata nimtumie, tusibishane.

"Nikipata muda nitaandika"

Hutaupata. Muda unaosubiriwa ni ule wa miezi mitatu mfululizo, nyumba kimya, ada za watoto zimelipwa, umeme haukatiki, na hakuna ndugu anayefunga harusi. Sijawahi kukutana na mwandishi aliyeupata. Niliokutana nao ni watu waliotoa kitabu katikati ya fujo zilezile unazozitaja wewe kama sababu ya kutoandika.

Tuanze na mkubwa wao. Shaaban Robert alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akakaa huko hadi 1944, akahamia idara ya wanyamapori, halafu ofisi ya serikali Tanga, halafu upimaji ardhi. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa na miaka 53, na ameacha vitabu zaidi ya 20. Sehemu kubwa ya mashairi na insha tunazokariri zimetoka kwa mtu aliyekuwa na bosi, na bosi mwenyewe mkoloni.

Mohammed Said Abdulla, aliyetupa Bwana Msa, alianza kazi kama mkaguzi wa afya kule Unguja, akaingia kwenye uandishi wa habari, akawa mhariri katika jarida la Mkulima. Mpelelezi maarufu kuliko wote katika Kiswahili ametoka mikononi mwa mtu aliyekula mshahara wa jarida la kilimo. Euphrase Kezilahabi, mtunzi wa riwaya na mashairi, alifundisha chuo kikuu, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia, naye alikuwa mhadhiri. Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya ya kwanza mwaka 1987 akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kent, akaendelea kusahihisha kazi za wanafunzi mpaka anastaafu. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilipomfikia mwaka 2021 alikuwa na riwaya kumi.

Na kwa wale wasioshawishika mpaka atajwe Mzungu: Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa posta. Alikuwa akimlipa mtumishi wake nyongeza ya pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe alfajiri na kumletea kahawa, saa kumi na moja na nusu awe mezani. Saa yake aliiweka mbele yake, akijitaka maneno 250 kila robo saa, ndipo aende kazini. Riwaya zake ni 47.

Najua jibu lenu. "Hao hawakuwa na foleni ya Mbagala, hawakuwa na simu." Foleni nakubali. Simu ndiyo naikataa, maana simu hiyohiyo ndiyo iliyokuonyesha jana usiku mabao yote ya ligi tatu.

Tufanye hesabu basi. Maneno 300 ni kama ukurasa mmoja wa daftari kubwa ukiandika kwa mkono wa kawaida. Ukiandika siku tano kwa wiki, ukapumzika mbili, ni maneno 1,500. Wiki 40 ni maneno 60,000, na hiyo ni riwaya nzima, huku umebakiwa na wiki 12 za misiba, malaria, mitihani ya watoto na uvivu wa halali. Ukurasa mmoja kwa mtu aliyezoea hauzidi saa moja. Kwa asiyezoea utachukua saa mbili mwezi wa kwanza, halafu utapungua wenyewe.

Kuna ndugu mmoja aliyeamua kuutafuta muda kwa nguvu. Aliacha kazi nzuri ya ofisini ili "awe mwandishi kamili". Nilimsihi asiache, akaona namvunja moyo. Mwenye nyumba wake hakujali kama yeye ni mwandishi kamili au nusu. Alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Mwezi wa nne tayari ndugu yangu alikuwa anaandika maandiko ya miradi kwa ajili ya mashirika, mchana na usiku, kwa malipo yanayochelewa, na riwaya ikabaki pale ilipokuwa siku aliyoaga ofisini. Njaa haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Mshahara, hata mdogo, ndio uliokuwa ukimnunulia ile saa moja ya utulivu, naye akautupa ili apate saa nane. Usiache kazi. Ukiwa na vitabu viwili sokoni na mikataba mingine mkononi, njoo tuzungumze upya.

Sasa mwangalieni mwingine. Muuguzi wa wodi ya wazazi, mama wa watoto watatu, aliniletea kaunta buku ambalo mgongo wake ulikuwa umeachia, akaufunga kwa plasta ya hospitali. Juu ya kila ukurasa kuna tarehe na zamu: asubuhi, mchana, usiku. Kurasa nyingine zimejaa mpaka pembeni. Nyingine zina mistari minne tu. Katika ukurasa mmoja sentensi imekatika katikati ya neno, "alipomwo", halafu chini, kwa kalamu ya rangi nyingine na tarehe ya siku mbili baadaye, imeendelea "na" bila hata kuanza mstari mpya. Nikamwuliza kwa nini hakumalizia hata neno. Akaniangalia kama ninayeuliza upuuzi. "Kaka, mama alikuwa anasukuma."

Mswada ule ulikwisha. Ulikuwa na kasoro nyingi, lakini ulikuwepo, na kasoro za mswada uliopo ndiyo kazi yangu.

Linganisha na faili ninazotumiwa na wanaosubiri kustaafu. Ukifungua unakuta jalada limeshachorwa. Kuna tabaruku kwa wazazi, shukrani za kurasa tatu, nafasi ya dibaji ambayo mheshimiwa fulani ameshaombwa, yaliyomo yenye sura 24 zenye vichwa vitamu. Sura ya Kwanza ina ukurasa mmoja na nusu, nayo inaishia kwenye "Itaendelea". Mtu kafanya kila kitu kinachozunguka kitabu, kasoro kukiandika.

Pembeni kidogo: sizungumzi na mwenye kichanga cha wiki tatu au anayeuguza mzazi. Hao wapumzike, kitabu hakitakimbia. Nazungumza na wewe unayenipigia simu saa nzima kunielezea jinsi usivyo na muda.

Ushauri wangu, ambao wenzangu wengine wanauona wa kizee, ni huu. Nunua kaunta buku, uandike rasimu ya kwanza kwa kalamu. Kompyuta inakushawishi urudi juu kurekebisha sentensi ya kwanza mara hamsini. Karatasi inakusukuma mbele. Chagua saa moja isiyo na mwenyewe nyumbani kwako, kwa wengi ni alfajiri kabla watoto hawajaamka, uwaambie wenzako wa nyumbani kwamba hiyo ni saa ya kazi. Usiseme "ya kujaribu jaribu". Na kila siku acha kuandika ukiwa bado unajua kinachofuata. Ukimkausha mhusika mpaka tone la mwisho, kesho utakaa mbele ya ukurasa mtupu ukidhani kipaji kimekuhama. Muuguzi wangu alikuwa akikatishwa na wagonjwa, na bila kujua alikuwa anapata faida hiyo kila zamu: aliporudi, alijua pa kuanzia.

"Nasubiri ilhamu"

Hili ni ndugu wa lile la kwanza, ila limevaa kanzu. Ilhamu ipo, siikatai, na ikija ni raha tupu. Lakini sijaona ikimtembelea mtu asiye na kalamu mkononi. Anayeandika kila siku hupata siku nzuri moja kati ya mbovu kadhaa, na akija kusoma sura nzima baada ya mwezi, mara nyingi hawezi kuonyesha ipi iliandikwa siku gani. Washairi wa mwambao walitunga wakiombwa: harusi ni kesho, shairi linatakiwa leo. Hakuna bwana harusi aliyeambiwa asubiri mpaka mtunzi ashukiwe.

"Mhariri atarekebisha"

Nitarekebisha viambishi, vituo, na yule shangazi anayefariki sura ya tatu kisha anapika pilau sura ya tisa. Nitakuambia sura ya tano haina kazi uiondoe. Siwezi kukuambia baba yako alivyokaa siku aliyouza ng'ombe wa mwisho. Hilo unalijua wewe, na kama hukuliandika, hakuna mhariri wa kulitia. Kabla hujanitumia chochote, usome kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pale ulimi unapojikwaa, hapo pana tatizo. Nusu ya bili yangu itapungua.

"Wataniibia wazo"

Hakuna anayeliwinda wazo lako. Kijana wa kijijini anayefika mjini akaharibikiwa? Ninazo rundo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania hailindi wazo, hulinda namna ulivyolieleza, na ulinzi unaanza kazi inapoundwa. COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, unakwenda kusajili ili uwe na ushahidi siku ya ugomvi. Yaani hata sheria inakuambia uandike kwanza. Na kwa kuwa tumegusa ofisi: ISBN, ambayo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ni namba ya utambulisho wa kitabu tu. Haina maana kwamba serikali imekipitisha, wala kwamba kitasomwa shuleni. Ithibati ya vitabu vya shule ni jambo jingine kabisa.

"Kusoma sana kutaniharibia sauti yangu"

Huwa wanasema hivi wale ambao hawajasoma riwaya tangu kidato cha nne. Sauti zao zote zinafanana.

"Kitabu kitanitoa kimaisha"

Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 15,000 na mkataba unakupa mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10. Hiyo ni 1,500 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 1,000, jambo ambalo kwa riwaya ya mwandishi mgeni si dogo hata kidogo, umepata milioni moja na nusu kabla ya kodi, tena si kwa mwezi mmoja. Ukijichapishia mwenyewe faida kwa nakala ni kubwa zaidi, lakini gharama za kiwanda unazilipa wewe kwanza, na mabunda ya vitabu yanalala chini ya kitanda chako.

Wanaoishi kwa kalamu ninaowajua hawategemei kitabu kimoja. Wanatafsiri, wanahariri, wanaandikia wazee wasifu wao, wanaandika vipindi vya redio na miswada ya tamthilia za televisheni. Vijana wanauza hadithi kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp: kipande cha kwanza na cha pili bure, cha tatu unatuma hela kwa simu ndipo unaingizwa kundini. Wasomi wanawacheka. Mimi siwacheki, kwa sababu kijana anayejua kwamba msomaji hatalipia kipande cha nne kama cha tatu kimepwaya, anajifunza kitu ambacho semina zetu za hoteli hazifundishi. Udhaifu wao ni haraka, na haraka hutibika kwa kuhariri.

Tuzo zipo pia: ile ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Omba zote unazostahili. Usizitie kwenye bajeti ya nyumba.

"Watanzania hawasomi"

Kawaulize hao vijana wa WhatsApp.

"Mchapishaji akinikubali, kazi imekwisha"

Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu furaha inawasainisha bila kusoma. Mikataba ninayoletewa kuitazama huwa imeshasainiwa, yaani naletewa maiti niipime joto. Kabla ya kusaini angalia mambo haya: mrabaha unakokotolewa kwenye bei ya dukani au kwenye pesa halisi iliyomfikia mchapishaji, maana tofauti ni kubwa, taarifa ya mauzo utapewa lini na kwa maandishi gani, haki za tafsiri, filamu na sauti zinabaki kwa nani, na kitabu kikiisha bila kuchapwa tena, haki zinakurudia baada ya muda gani. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Nimeona waandishi ambao kitabu chao hakipatikani duka lolote, na wao wenyewe hawaruhusiwi kukichapa. Ukiambiwa "huu ni mkataba wetu wa kawaida, kila mtu anasaini", omba nakala, nenda nayo nyumbani, lala nayo siku mbili, mpe mwanasheria aisome. Mchapishaji mwenye nia njema atakusubiri hizo siku mbili.