Marigoldi na bluboneti kandokando ya ziwa: yanayosemwa na ukweli wake

Kila ikifika Machi, picha za mashamba ya bluu ya bluboneti, ua la porini la Texas, Marekani, huanza kuzunguka kwenye simu, na wauza miche wa pembezoni mwa barabara hapa Mwanza huulizwa swali lile lile: "Haya mnayo?" Wapo wanaojibu kuwa wanayo, kisha wanamfungia mteja mche wowote wenye ua la zambarau. Marigoldi haina shida hiyo. Ipo kwenye makopo ya rangi mbele ya maduka na kwenye nyua za shule, toka Isamilo hadi Igoma. Ila nayo imebebeshwa sifa nyingi zisizo zake. Watu wakiyapambanisha maua haya mawili hutazama rangi, manjano au bluu. Kwangu mimi cha kutazama kwanza ni kalenda ya mmea, maana ndiyo inayoamua lipi litakubali bustani yako na lipi litakula pesa yako bure.

"Bluboneti haistawi kwetu kwa sababu Afrika ni joto"

Wakati wa kiangazi chake, Texas ni joto kuliko Mwanza. Julai na Agosti mchana wa kule huvuka nyuzi 35 bila taabu, wakati sisi, tulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na tunaopulizwa na upepo wa ziwa, mchana wetu huwa nyuzi 28 hivi. Bluboneti hulikimbia joto la kwao kwa kujificha ndani ya mbegu. Mbegu hukomaa na kumwagika kuelekea Mei, huota kwa mvua za Septemba hadi Novemba, kisha mche hukaa chini kipindi chote cha baridi, majani yametandaa ardhini, ukijenga mizizi. Maua hutoka Machi na Aprili. Kwa hiyo kati ya kuota na kuchanua kuna miezi kadhaa ya ubaridi, na miezi hiyo ndiyo tusiyokuwa nayo. Juni na Julai yetu ni ukavu tu, na usiku wa kuvutia shuka.

Udongo nao una neno. Bluboneti hupenda ardhi yenye chokaa isiyotuamisha maji. Sehemu kubwa ya Mwanza ni luseni, kichanga kilichotokana na majabali haya haya tunayojenga juu yake. Luseni hupitisha maji vizuri, lakini haina chokaa ya kutosha. Mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, ina rutuba, ila hushika maji, na mizizi ya bluboneti ikilowa muda mrefu huoza. Ukiziotesha kwenye kopo kwa kujifurahisha, sawa. Ukizipanga kwenye ramani ya bustani, umejitakia.

Marigoldi haidai baridi. Ile ndefu yenye vichwa vikubwa huwahi kuchanua mchana usiporefuka sana kupita saa kumi na mbili, na Mwanza tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki hata dakika 20. Ndiyo maana huchanua hapa mwezi wowote, mradi ina maji na jua.

"Panda marigoldi mbili tatu kando ya nyanya, wadudu wote watahama"

Hii ndiyo dhana inayouza miche mingi kuliko zote, na ubaya wake ni kwamba ina chembe ya ukweli ndani.

Chembe hiyo ni minyoo fundo, wale wasioonekana kwa macho wanaovimbisha mizizi ya nyanya, bamia na bilinganya hadi mmea unanyauka ilhali umemwagilia. Mizizi ya marigoldi ina kemikali inayowadhuru minyoo hao. Lakini kemikali hiyo hufanya kazi zaidi mzizi ukiwa hai ardhini, kwa hiyo kusaga majani na kumwagia maji yake hakuleti matokeo yale yale. Na mzizi haufiki mbali: mche mmoja hulinda pale uliposimama. Anayetaka faida kweli hujaza tuta zima kwa marigoldi, mche na mche zisipishane hata sentimita 20, akaziacha miezi miwili au zaidi, akang'oa kila gugu linalochipua katikati, kwa sababu magugu mengi huwahifadhi minyoo wale wale. Kisha ndipo anapanda nyanya hapo hapo. Tuta lililojazwa marigoldi mwanzoni mwa Juni, likimwagiliwa, liko tayari kwa nyanya Agosti. Hata hivyo minyoo hupungua tu, hawamaliziki, na si kila aina ya marigoldi humkomesha kila aina ya mnyoo.

Kuhusu wadudu wa juu ya ardhi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha mwaka 2019 kwamba harufu ya limonene inayotoka kwenye marigoldi fupi huwapunguza inzi weupe kwenye nyanya. Walifanyia kazi yao ndani ya nyumba za vioo, na matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale maua yalipopandwa tangu mwanzo, kabla inzi hawajazaliana. Kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, si inzi mweupe. Anayeangamiza nyanya za Nyegezi na Kisesa hataondoka kwa harufu ya ua. Na utitiri mwekundu ndio kabisa: wakati wa kiangazi huipenda marigoldi, huzaliana juu yake, kisha huvuka kwenda kwenye mboga. Kagua chini ya majani.

"Marigoldi ni ua la Kiafrika"

Pakiti za mbegu ndizo zenye kosa. Marigoldi ndefu huuzwa kama ya Afrika na fupi kama ya Ufaransa, lakini zote mbili asili yake ni Mexico na jirani zake. Bangi mwitu inayojiotea mashambani ni ndugu yao, imetoka Amerika ya Kusini. Ukivunja jani utaijua kwa harufu.

"Samadi nyingi, maua mengi"

Utapata majani mengi. Marigoldi ikishibishwa sana hunenepa na kuchelewa kuchanua. Koleo moja la samadi iliyooza vizuri kwenye luseni linatosha kwa kipande kidogo. Kinachoongeza maua ni kukata vichwa vilivyokauka.

Wakati wa masika chagua zile fupi. Vichwa vikubwa hujaa maji, vikaoza vikiwa bado kwenye shina.

"Bluboneti ni jamii ya kunde, basi inalisha udongo na inalika"

Nusu ya kwanza ni kweli kule kwao. Hunasa naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye mizizi yake, lakini wale wa maharage hawaifai. Ikiwa unachotafuta ni udongo wenye nguvu, panda marejea au kunde, mbegu zipo na msimu unazikubali.

Nusu ya pili ni hatari. Mmea mzima una sumu, na mbegu ndizo mbaya zaidi, nazo zimekaa ndani ya vitumba kama vya choroko. Nyumba yenye watoto au mbuzi haina haja ya jaribio hilo. Na chai ya marigoldi inayosifiwa mitandaoni mara nyingi ni ya kalendula, mmea mwingine kabisa uliofanana nayo rangi. Petali za marigoldi ndefu hukaushwa na kutiwa kwenye chakula cha kuku ili kiini cha yai kikolee.

"Texas ukichuma bluboneti unafungwa"

Hakuna sheria ya jimbo inayotaja kosa hilo. Kuharibu mimea kwenye hifadhi au kuingia shamba la mtu ni mambo mengine.

"Mbegu za maua ni kitu kidogo, ziagize tu zije kwenye bahasha"

Watu wa ziwa hili tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limeshaingia Ziwa Victoria. Wavuvi wanajua lililofuata. Kuingiza mbegu nchini, hata za mapambo, kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka.

Anayetaka bluu kweli atafute klitoria, mtambaazi wa jamii ya kunde unaoota hapa nchini. Mbegu yake ina ganda gumu, kwa hiyo ikwaruze kidogo, iloweke usiku mmoja, uipande chini ya uzio mvua za vuli zikianza.