Mapatano ya Kusahau: nani aliyesahau?

Kila ikitajwa Hispania baada ya dikteta Franco, hakosekani wa kusema Wahispania "walitia saini Mapatano ya Kusahau". Hati ya namna hiyo haipo. Hilo ni jina la kubandikwa tu, la maelewano ya vyama baada ya Franco kufa Novemba 1975: maovu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 na ya udikteta yasigeuzwe silaha za siasa. Kilichoandikwa ni Sheria ya Amnestia, yaani ya msamaha, ya Oktoba 1977. Maana ndiyo hiyo, haina makuu.

Linaloniudhi ni neno kusahau. Kihispania kina caer en el olvido, yaani jambo kusahaulika lenyewe, na echar al olvido, kulitupa makusudi huko kwenye usahaulifu. Mwanahistoria Santos Juliá aliishikilia sana tofauti hii, na alikuwa na haki: huwezi kutupa usichokishika. Hata amnestia, neno la Kigiriki lililo ndugu wa amnesia, lina hila hiyohiyo. Waathene mwaka 403 KK hawakuapa kupoteza kumbukumbu; waliapa kutokumbushana mabaya. Nasi tunasema yaliyopita si ndwele, na mara nyingi anayesema anayakumbuka mpaka siku na saa.

Hapo ndipo fasihi inaposifiwa kusiko. Eti mwandishi Javier Cercas ndiye aliyewaamsha waliosahau, kwa Soldados de Salamina ya 2001. Riwaya ni nzito, sikatai. Askari wa Jamhuri, upande uliopigana na Franco ukashindwa, anamkuta Sánchez Mazas, mfashisti aliyeponyoka risasi, amejificha msituni. Anamtazama usoni, anawaambia wenzake hakuna mtu, anaondoka. Msomaji aliyezaliwa juzi anabaki na macho yale kana kwamba alikuwepo. Lakini Juan Marsé alikwisha kuandika watoto wa mtaani Barcelona wakisimuliana visa vya walioshindwa, ukweli na uzushi chungu kimoja, katika Si te dicen que caí. Ilichapwa Meksiko mwaka 1973 kwa sababu wadhibiti wa Franco waliikataa. Kitabu cha kitu kilichosahauliwa hakipigwi marufuku.

Kwa hiyo ukilitafsiri jina lile, jaribu Mapatano ya Kutodaiana. Hata hilo halitawaridhisha waliokuwa na la kudai. Mwaka 2000, huko Priaranza del Bierzo, Hispania, lilifukuliwa kaburi la watu 13 waliouawa 1936, na wazee wa pale walijua pa kuchimba.