Seluloidi: jina la ukanda wa filamu wa kale, na hatari iliyomo

Watu wengi husema seluloidi wakimaanisha sinema yoyote ya zamani. Kwetu tunaotunza nyaraka za picha, hilo ni jina la kitu kimoja mahususi, na anayekijua ataelewa kwa nini mikebe fulani ya filamu haifai kabisa kuwekwa uvunguni mwa kitanda.

Mwaka 1838 mkemia Mfaransa Anselme Payen alitenga kitu kinachojenga kuta za seli za mimea. Kikaitwa selulosi, jina lenye asili ya Kilatini linalohusu chumba kidogo. Pamba karibu yote ni selulosi. Ukiitia pamba katika mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya salfuriki, kwa macho itabaki pamba ile ile, lakini ukiigusisha moto inatoweka kwa mwako mmoja. Majeshi yaliitumia kama baruti.

Huko Albany, Marekani, John Wesley Hyatt alikuwa anatafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe za ndovu. Biashara ya pembe hizo ilitufikia hata sisi, kwani shehena nyingi zilipitia Unguja. Hyatt aliichanganya pamba ya asidi na kafuri, yaani karafuumaiti tunayoijua kwenye sanda, akaipasha moto na kuikandamiza. Hataza yake ni ya mwaka 1870. Miaka miwili baadaye nduguye Isaiah akabuni jina: selulosi, kisha kiishio cha Kigiriki chenye maana ya "mfano wa". Naona jina hilo linakipunja kitu chenyewe, maana seluloidi haifanani tu na selulosi, imezaliwa nayo.

Kuifanya iwe utando mwembamba wa picha kulileta ugomvi mrefu. Hannibal Goodwin, kasisi wa Newark, alichoshwa na vioo vizito vya picha za kufundishia Biblia, akaomba hataza ya utando wake mwaka 1887. Kabla hajajibiwa, kampuni ya George Eastman ilianza kuuza utando wake, mwaka 1889. Goodwin alipata hataza mwaka 1898 na akafariki mwaka 1900. Haki yake ilikuja baada ya kifo: mwaka 1914 kampuni ya Eastman ililipa dola milioni 5 kumaliza kesi.

Ukanda huo una asili ya baruti, na hiyo ndiyo hatari yake. Ukiwaka hujitolea oksijeni wenyewe, hivyo maji hayauzimi, na moshi wake ni sumu. Tarehe 31 Desemba 1929, mjini Paisley, Uskoti, mkebe mmoja wa filamu ulianza kufuka moshi katika jumba la sinema lililojaa watoto. Walikimbilia mlango wa dharura, haukufunguka. Watoto 71 walipoteza maisha, wengi kwa kubanana na kukosa hewa.

Kodak, yaani kampuni ile ya Eastman, iliacha kutengeneza filamu ya aina hiyo, iitwayo naitrati kutokana na asidi ya naitriki, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nafasi yake ikachukuliwa na asetati, utando wa aina nyingine ambao haushiki moto ovyo. Filamu za milimita 16, zile za magari ya sinema vijijini, hazikuwa za naitrati, kwa hiyo hizo zisikutie hofu.

Ukirithi filamu za milimita 35 au negativu za kabla ya 1952, tazama ukingoni. Ukiona neno SAFETY, kwa kawaida ni asetati. Bila neno hilo, na hasa ikiwa imegeuka manjano, inanata au inatoa harufu kali, ichukulie kuwa naitrati. Usiijaribu kwa kiberiti. Iweke mahali pa baridi penye hewa, mbali na jua na jiko, kisha uwaarifu watunza nyaraka au zimamoto kabla ya kuisafirisha. Inayonuka siki ni asetati inayooza: haitalipuka, lakini itenge na nyingine leo hii, kwa sababu mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani.