Kabla hujainua gari dogo, pima mshuko wa shokapu

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu hatchibaki ndogo (gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu) ni hili, "fundi, naweza kuinua kiasi gani?" Na mara nyingi anayeuliza ameshaona spesa au springi mahali, ameshazipenda, anataka tu nimtajie milimita akanunue. Mimi namrudishia swali: gari yako ikiwa juu ya jeki, tairi inashuka kiasi gani mpaka inasimama? Wengi hawajawahi kupima, na siwalaumu, maana boksi la vifaa limeandikwa "+30" au "+40" kwa herufi kubwa lakini hakuna palipoandikwa shokapu itabaki na nafasi gani gari ikishakaa chini.

Na hapo ndo kuna kila kitu. Watu tukisema suspensheni tunafikiria tairi kupanda juu ukigonga tuta, lakini tairi inashuka pia. Ukipita kwenye shimo inabidi ishuke kuifuata barabara, ukikata kona tairi ya ndani inashuka huku bodi imelalia upande wa pili. Hiyo nafasi ya kushuka mimi naiita mshuko, na gari isiyo na mshuko ni mbaya kuliko gari iliyo chini, kwa sababu tairi ambalo haligusi lami halina breki wala usukani.

Kuupima ni dakika kumi tu. Weka gari sehemu tambarare, isukume mbele na nyuma kidogo ili matairi yakae sawa (ukipima dakika hiyohiyo umetoka kuishusha kwenye jeki matairi yanakuwa bado yamebana upande na gari inaonekana ndefu kuliko ilivyo), halafu pima toka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda. Usipime toka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Tuseme umepata milimita 360. Sasa piga jeki kwenye bodi mpaka tairi lining'inie kabisa, pima tena, tuseme 440. Mshuko wako ni 80. Andika hiyo namba mahali, kila kitu kinachofuata kinategemea hiyo.

Kuna njia mbili za kuinua mbele na watu wanazichanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye hatchibaki nyingi ndogo mbele ni mfumo wa MacPherson, yaani springi imeivaa shokapu na vyote vinakuja kama mguu mmoja unaofungwa juu kwenye bodi na chini karibu na habu, yaani kitovu ambacho tairi linafungwa. Njia ya kwanza ni spesa ya juu, kipande cha alumini au plastiki ngumu kinachokaa kati ya mauntingi (kishikio cha juu cha huo mguu) na bodi. Hiyo inausukuma mguu wote chini, weka spesa ya 30 gari inapanda karibu 30 hiyohiyo. Shokapu yenyewe haijui kama kuna kilichobadilika, inakaa palepale ilipokuwa, mshuko ni 80 kama zamani na ulaini ni uleule. Ndo maana watu wanaipenda, na mimi pia naikubali kwa kiasi.

Njia ya pili ni springi, iwe ndefu zaidi au ngumu zaidi. Hapa shokapu inabaki na urefu wake uleule wa mwisho lakini gari inasimama huku fimbo yake imeshatoka nje zaidi. Ukiinua 40 kwa springi peke yake, kwenye ule mshuko wa 80 unabaki na 40. Ukiinua 60 unabaki na 20, na hapo kila tuta unasikia "tok!" wakati tairi linashuka, ni fimbo imefika mwisho inavutana na sili zake za ndani, raba zinazozuia mafuta yasitoke. Mtu anakuja analalamika boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kati ya amu na tairi) imekufa, unaangalia boljointi ni nzima kabisa, ni shokapu inalia. Ukiendelea hivyo sili zinakatika na mafuta yanatoka. Kwa hiyo springi ndefu zinataka shokapu ndefu za kuendana nazo, na kama muuzaji anakupa springi tu na kukuambia shokapu za zamani zitafaa, muulize mshuko unaobaki ni kiasi gani.

Kuhusu ugumu wa springi nikupe hesabu, maana watu wanashangaa kidogo tu kinavyobadilisha gari. Chukua kona moja ya mbele yenye kilo 300 juu ya springi, na springi inayotaka nyutoni 20 kubonyea milimita moja. Uzito huo unaibonyeza karibu 147. Weka springi ya urefu uleule lakini ya nyutoni 24, inabonyea karibu 123. Umepata kama 25 za kuinuka bila kuongeza urefu wowote, ila umelipia kwa ugumu wa asilimia 20. Na ugumu unapanda haraka sana na unene wa waya, unakwenda kwa unene uliozidishwa mara nne kwa wenyewe, kwa hiyo waya wa milimita 13 badala ya 12, mambo mengine yakiwa sawa, ni ngumu zaidi kwa asilimia 38 hivi. Shokapu ya zamani haiwezi kuituliza springi ya hivyo, gari inarukaruka baada ya kila tuta.

Yale mapira yanayochomekwa katikati ya mizunguko ya springi mimi siyafungi. Pira linaua mzunguko mmoja, springi inakuwa ngumu na mzigo wote unahamia mizunguko iliyobaki, na pale pira linapokaa maji na mchanga vinakwama, rangi inachubuka, kutu inaanza kula. Springi nyingi zilizovunjika nilizozitoa zimeanza kwenye mchubuko kama huo.

Sasa turudi kwenye spesa ya juu, maana nayo ina bili yake, inakuja kwenye viungo. Tairi likining'inia sasa linafika chini zaidi kuliko kiwanda kilivyopanga, milimita 30 zaidi, na draivushafti (shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi), boljointi, tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi) na paipu ya breki vyote vinalifuata. Miaka yangu ya mwanzo nilimfungia mteja spesa za 50 mbele. Gari ilipendeza kweli, ilisimama vizuri, akaondoka na furaha. Wiki chache baadaye akarudi, anasema ikiondoka na gia ya kwanza inatetemeka kama inataka kuzima, ikishakolea inatulia. Nikaipiga jeki, nikakuta ndani ya rimu ya kushoto kumepakwa grisi nyeusi duara zima, raba ya siivii, ile inayofunika jointi ya draivushafti upande wa tairi, imechanika kwenye mikunjo kwa sababu mikunjo ilikuwa inasuguana yenyewe kwa yenyewe ile pembe ilivyokuwa kali. Na ule mtetemo ulitoka kwenye jointi ya ndani, ile ya miguu mitatu, ikifanya kazi kwenye pembe kubwa huku injini inavuta inasukuma na kuvuta shafti kwa urefu na bodi nzima inatikisika. Nilizitoa spesa nikaweka za 25, nikabadilisha raba na grisi kwa gharama yangu, mtetemo ukaisha siku hiyohiyo. Toka hapo kwa gari dogo la kuvuta mbele nasimama 30, na kwenda zaidi ya hapo nakubali tu kama injini na sabfremu (fremu ndogo ya chini inayofungwa kwenye bodi) navyo vinashushwa kwa kiasi kilekile ili shafti irudi kwenye pembe yake.

Kitu kingine ambacho mafundi wengi wanakiruka, na kinaniuma kwa sababu hakihitaji kununua chochote: bushi za amu za chini, yaani raba za ile mikono inayoshika tairi kwa chini. Zile raba zimegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hazizunguki, zinajipinda tu. Kiwandani bolti zake zinakazwa gari ikiwa kwenye urefu wake wa kawaida ili bushi ikae imepumzika. Ukiinua gari bila kuzilegeza, bushi inaishi imepindwa usiku na mchana hata gari ikiwa imepaki, na baada ya muda inachanika, halafu mtu anasema spesa ndo zimeharibu. Legeza hizo bolti, shusha gari ikae kwenye matairi yake, ibonyezebonyeze itulie, ndo ukaze kwa spana ya torki. Fanya hivyohivyo nyuma.

Nyuma yenyewe ni habari nyingine. Hatchibaki nyingi ndogo zina akseli moja ya kupinda, shokapu peke yake na springi peke yake, kwa hiyo watu wanaweka pira nene chini ya springi. Springi mara nyingi inakaa mbele kidogo ya tairi, karibu zaidi na bawaba ya akseli, kwa hiyo kipande cha 20 kinaweza kuleta 25 au zaidi kwenye fenda. Ndo maana ukinunua seti ya 30 mbele na 30 nyuma gari inaishia imeinua mkia. Na nyuma kinachoizuia akseli isianguke ni shokapu, kwa hiyo pira bila shokapu ndefu linakula mshuko kama springi ndefu inavyokula mbele. Kinyume chake pia ni hatari, shokapu ndefu na springi fupi, akseli ikining'inia springi inalegea inatoka kwenye kikombe chake. Zungusha springi kwa mkono gari ikiwa juu ya jeki, ikizunguka kirahisi hiyo usiitoe gereji.

Halafu breki. Gari nyingi za zamani kidogo zina valvu nyuma yenye mkono uliounganishwa na akseli, inapima umbali kati ya bodi na akseli. Ukipakia mzigo bodi inashuka, valvu inaruhusu presha zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiinua gari, valvu inaona bodi iko juu, inaamini gari ni tupu, inapunguza presha. Umepakia familia na mizigo, breki za nyuma zinafanya kazi kama umepanda peke yako. Hiki ni kitu cha kwanza ninachokitafuta nikiingia chini ya gari, na kibano cha ule mkono lazima kisogezwe kulingana na ulivyoinua. Pia ukiwa hukohuko chini, tairi likining'inia, geuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho uangalie paipu za breki na waya za ABS. Zikiwa zimevutika kama kamba ya kuanikia nguo, bado hujamaliza kazi.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, ni lazima, hiyo sijadili. Amu ya chini ikiinamia zaidi inavuta chini ya tairi kuingia ndani, juu inabaki nje, matairi yanasimama kama yanafunguka kwa juu na yanalika ukingo wa nje. Too, yaani matairi kuelekea ndani au nje kwa mbele, nayo inahama. Too inarekebishwa kwenye tairodi, ila ile pembe ya kulala kwa tairi kwenye gari nyingi ndogo haina marekebisho toka kiwandani, unahitaji bolti zenye kamu (kichwa kisicho duara sawa, ukikizungusha kinasogeza tairi) pale shokapu inapofungwa kwenye nako, chuma kinachoshika habu. Usisahau taa, mbele ikipanda kuliko nyuma unawapofusha wanaokuja.

Kuna mtu atauliza si bora matairi makubwa tu? Yanasaidia, ni kweli kwamba matairi pekee ndo yanayoinua kila kitu pamoja na akseli yenyewe, spesa zinainua bodi. Ila hesabu yake ni ndogo kuliko wanavyotarajia. Toka 175/65R14 kwenda 175/70R14 kipenyo kinaongezeka milimita 17.5, nusu yake ndo inayoinua gari, yaani karibu 9. Na spidomita ikisoma ileile kama zamani wewe unakwenda asilimia 3 zaidi.

Na zaidi ya 40 kwa jumla mimi nakataa, hata mteja akisisitiza. Gari yenye upana wa milimita 1,450 kati ya matairi na kitovu cha uzito kwenye 520, ukikipeleka 560 unapoteza karibu asilimia 7 ya uwezo wake wa kukataa kupinduka. Kwenye kona ya ghafla ya kumkwepa mtu, hiyo 7 nataka mwenye gari abaki nayo.

Juzi nimemaliza moja ya namna ninayoipenda, springi za kuinua 30 na shokapu ndefu zilizotengenezwa pamoja nazo, hakuna spesa hata moja. Mshuko ulikuwa 78 kabla, ukawa 74 baada. Springi mpya zinakaa chini kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo nikamwambia mwenyewe atembee nayo wiki mbili ndo tufanye alaimenti ya mwisho. Amerudi jana, mbele zimeshuka milimita 4 na nyuma 3. Tukapima kona zote nne, tukaziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha tepu, akakibandika mwenyewe chini ya boneti.